Arkham City: usisubiri Krismasi, badilisha tarehe

Nimejaribu hii juzi na inafanya kazi kabisa. Kama unacheza Batman: Arkham City (ile ya 2011) basi toka kwenye gemu, ingia setingi za konsoli, zima tarehe ya kujiseti yenyewe kwa intaneti, weka 25 Desemba, halafu rudi umuone Calendar Man, mhalifu mwenye wazimu wa sikukuu, kwenye selo yake chini ya mahakama, atakupa kisa cha Krismasi, kinatisha sana jamani. Ana visa 12, vya sikukuu 12, Halloween ya 31 Oktoba usiiruke. Inakubali kwa sababu gemu inasoma saa ya mashine yako tu, haiulizi seva (kompyuta za kampuni kwenye intaneti).

Ndo maana kwenye gemu ya Fortnite usijisumbue, sikukuu zake zinatoka kwa seva. Na kwenye gemu ya Animal Crossing ukirudisha tarehe nyuma tanipu zako zote (mboga unazonunua humo ili uziuze kwa faida) zinaoza, kwa hiyo uza kwanza. Ila nakushauri uitunze Arkham, usimalize visa vyote siku moja, kimoja kimoja ndo utamu wake. Ukimaliza rudisha tarehe, la sivyo stoo ya gemu inaweza kugoma kufunguka.