Pasaka ni siku 50: namna ya kuisali nyumbani na jumuiyani mpaka Pentekoste

Tumsifu Yesu Kristo! Kamwene kwa ndugu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Mbeya na Rungwe.

Kuna kitu kinaniuma kila mwaka. Kwaresima tunaifunga vizuri sana, Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba kanisa linajaa mpaka watu wanasimama nje na mvua inawanyeshea, alafu Pasaka yenyewe ikifika tunapika pilau siku moja, Jumatatu tunapumzika, Jumanne kila mtu yuko shambani au dukani kwake na habari imeishia hapo. Wakati Kwaresima ni siku 40 na Pasaka ni siku 50! Kanisa limetupa siku nyingi zaidi za kushangilia kuliko za kufunga, sasa kwa nini tunazitupa? Hapa naeleza namna ya kuzisali, ni vitu ambavyo familia yoyote inaweza, hata kama padre anafika kigangoni kwenu mara moja kwa mwezi.

Anza na Malkia wa Mbingu, sala fupi ya Bikira Maria. Kuanzia Dominika ya Pasaka mpaka Pentekoste, ile sala ya Malaika wa Bwana inapumzika na nafasi yake inachukuliwa na hii, asubuhi, saa sita mchana na jioni. Utaratibu huu umewekwa tangu 1742, na inasaliwa mkiwa mmesimama, siyo mmepiga magoti, maana kusimama ni ishara ya ufufuko. Ni fupi mno, haimalizi dakika mbili, na kila mstari unaishia na Aleluya, ile ile tuliyoinyamazia Kwaresima nzima. Weka alamu ya simu saa sita, ikilia hata kama uko sokoni Mwanjelwa unapima viazi unasimama hapo hapo na kusali kimoyomoyo. Watoto wanaishika haraka, waachie wao waitikie Aleluya, wiki haiishi watakuwa wanawakumbusha nyie wakubwa.

Maji ya baraka ya Mkesha wa Pasaka yasikae kwenye dumu nyuma ya mlango mpaka yaote ukungu. Jioni moja ndani ya Oktava, yaani zile siku nane za kwanza, baba au mama akusanye watu wa nyumba, msome Injili ya ufufuko (Yohane 20 inafaa sana), muungame imani kwa Nasadiki, alafu mzunguke chumba kwa chumba mkinyunyiza, jikoni, wanakolala watoto, hadi banda la ng'ombe kama mnalo. Hii ni sala ya wazazi na haichukui nafasi ya padre kuja kubariki nyumba, akipata nafasi mwiteni pia. Mkiwa na mshumaa mliorudi nao toka Mkesha uwekeni mezani pa sala na muuwashe kila mkisali. Kanisani uangalieni ule mkubwa karibu na mimbari, waonyesheni watoto msalaba, Alfa na Omega, tarakimu za mwaka huu na zile punje tano za ubani ambazo ni madonda ya Bwana. Mtoto akishaelewa hivyo vitu hatauona tena kama mshumaa tu. Na Ijumaa ya Oktava usijinyime nyama, siku hizo zote nane ni sherehe.

Kusoma je? Kipindi chote hiki somo la kwanza la Misa linatoka Matendo ya Mitume, kwa hiyo na nyumbani someni kitabu hicho hicho. Kina sura 28, sura moja kila jioni na mnakimaliza vizuri kabisa ndani ya siku 50 hata mkiruka jioni kadhaa kwa uchovu. Msomaji awe tofauti kila siku, hata yule wa darasa la tatu anayesoma kwa kudonoa, mvumilieni.

Novena ya Huruma ya Mungu, yaani sala ya siku tisa, wengi tunaijua, inaanza Ijumaa Kuu na kuisha Jumamosi, kesho yake ni Dominika ya pili ya Pasaka ambayo Mtakatifu Yohane Paulo II aliipa jina la Huruma ya Mungu siku alipomtangaza Sista Faustina wa Poland kuwa mtakatifu, 30 Aprili 2000. Ila wengi tunaanza siku ya kwanza na ya pili, alafu pilka za sikukuu zinatumeza. Dawa yake ni kugawana, kwenye grupu la wasapu la jumuiya mtu mmoja atume nia ya siku kila saa tisa mchana, saa ya huruma, na kila mmoja asali alipo kwa rozari yake ya kawaida. Kama hukuwahi kuungama kabla ya Pasaka, mistari ilikuwa mirefu, usikae na hiyo aibu, kitubio kipo na amri ya Kanisa ya kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka bado unaitimiza vizuri ndani ya kipindi hiki.

Sasa nije kwenye ninayoipenda kuliko zote, Njia ya Mwanga. Hii ni ndugu yake Njia ya Msalaba, ina vituo 14, ila inaanzia kaburini inaishia Pentekoste. Vituo ni hivi: Yesu anafufuka, wanafunzi wanakuta kaburi tupu, anamtokea Maria Magdalena, anatembea na wale wawili wa Emau, wanamtambua kwenye kuumega mkate, anawatokea mitume, anawapa uwezo wa kuondolea dhambi, anamthibitishia Tomaso, anawatokea kando ya ziwa la Tiberia, anamkabidhi Petro kondoo wake, anawatuma mitume ulimwenguni, anapaa mbinguni, wanamngojea Roho pamoja na Maria, na Roho Mtakatifu anashuka. Kila kituo kina maneno yake kwenye Injili au Matendo, hauhitaji kijitabu, Biblia inatosha.

Namna ya kuifanya jumuiyani: chagueni nyumba saba, kila nyumba vituo viwili. Mshumaa unatangulia badala ya msalaba, mtoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto, aubebe na mtu mzima atembee pembeni akiukinga na upepo, maana upepo wa huku milimani hauna utani. Kila mlango mnasoma, mnakaa kimya kidogo, mwenye nyumba anataja nia yake moja, mnasali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe, alafu mnaimba wimbo wa Pasaka mkielekea nyumba inayofuata. Nyumba ya kituo cha Emau iwe ya mgonjwa au mzee asiyeweza kufika kanisani, na ya kituo cha kumega mkate itoe chai na viazi vya kuchemsha, haipendezi kusoma habari ya mkate watu wakaondoka na njaa. Wale waliobatizwa usiku wa Mkesha wapeni masomo wasome, wanajiona wageni bado, na akina mama wa WAWATA au vijana wa VIWAWA wakiwapitia majumbani mwao kuwachukua watakuja.

Pentekoste haiwezi kuwa kabla ya 10 Mei, kwa hiyo kila mwaka Mwezi wa Maria na Pasaka vinakutana, na rozari ya nyumba kwa nyumba inaanza tukiwa bado kwenye Aleluya. Mimi napenda Matendo ya Utukufu yaongezwe hata nje ya Jumatano na Jumapili. Baridi ya Mei kwa Makete, Njombe na Uyole mnaijua wenyewe, sogezeni rozari saa kumi na moja jioni watu wakitoka shamba, na tafadhali sana msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga milango ili mpate joto, hewa yake inaua na haina harufu ya kukushtua. Vaeni masweta, jifungeni khanga na mablanketi.

Mwishoni ipo novena ya Roho Mtakatifu. Ianzeni Ijumaa baada ya ile Alhamisi ya siku ya 40 ya Pasaka, hata kama parokiani kwenu Kupaa Bwana kunaadhimishwa Dominika, ili zitimie siku tisa kabla ya Pentekoste. Kila siku ombeni kipaji kimoja kati ya vile saba, siku mbili zinazobaki waombeeni wanaojiandaa kwa Kipaimara. Siku yenyewe vaeni chochote chekundu. Baada ya Misa mshumaa wa Pasaka unahamishiwa penye kisima cha ubatizo, na Jumatatu, kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Kanisa, alamu ya saa sita ikilia mnarudi kwenye Malaika wa Bwana.