Kioo cha pikipiki kisichovuma: kukichagua, kukifunga na kukipatia mahali pake

Wengi wanaoniletea pikipiki kwa sababu ya kelele za upepo huja na ombi moja: "Fundi, nitafutie kioo kirefu zaidi," yaani kile cha mbele cha kukinga upepo. Wengi wao nawarudisha nyumbani na kioo kifupi kuliko walichokuja nacho, na hunijia tena kushukuru.

Sababu yake hii. Upepo ulionyooka ukikupiga kifuani na kwenye helmeti huvuma kwa sauti moja, na masikio huuzoea. Unaochosha ni ule uliogonga kioo, ukapanda mpaka ukingoni, ukakatika ukawa visulisuli, kisha ukakuangukia kichwani. Huo hutikisa helmeti, hufanya macho yaone barabara inacheza, na hunguruma hata ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kazi yetu ni kuyapeleka yale machafuko mahali ambapo kichwa chako hakipo. Ama yapite juu kabisa, ama yaishie kifuani.

Hatua ya 1: Vua kioo, uende bila ya kioo

Usinunue kitu bado. Kifungue kioo ulichonacho, panda, nenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye barabara unayoijua. Kelele ikipungua, kioo ndicho chenye kosa, na endelea kusoma. Isipopungua, ruka mpaka hatua ya 5.

Sikiliza pia ni kelele ya aina gani. Mluzi mwembamba hutoka kwenye kitu kidogo: tundu za hewa za helmeti, skrubu iliyolegea, shina la kioo cha pembeni. Ziba kimoja kimoja kwa selotepu mpaka unyamaze, ushamjua mchawi. Mvumo mzito unaokwenda pamoja na kutikiswa kichwa ndio maradhi ya kioo.

Hatua ya 2: Kioo cha aina gani

Nunua polikaboneti. Akriliki hung'ara zaidi na hukwaruzika kwa shida zaidi, lakini ni ngumu kavu: jiwe moja lililorushwa na gari la mchanga, au kekee kali wakati wa kutoboa tundu, na ufa umeshaanza. Polikaboneti hupinda kabla ya kuvunjika. Unene wa milimita 3 au 4 unatosha. Chini ya hapo kioo chenyewe hupigapiga kwenye mwendo na kuongeza kelele yake juu ya ile uliyotaka kuiondoa.

Vioo vyeusi siviungi mkono hata kidogo. Jioni ukirudi shamba na mvua ya masika imekukuta, utatamani ungekuwa na kitu unachoweza kuona kupitia kwake.

Hatua ya 3: Kufunga

Hapa hapana siri. Bolti za stenlesi, raba kila upande wa kioo, washa pana, kaza kwa mkono kisha ongeza robo mzunguko kwa spana. Plastiki ikikazwa kama chuma hupasuka kuanzia tunduni. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uhakikishe kioo hakigusi kebo ya klachi, bomba la breki wala tanki.

Vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya ni vya kufungia nyaya. Sitaki kuviona vimeshika kioo.

Hatua ya 4: Kukipatia kioo mahali pake

Hapa ndipo watu hupoteza siku zao, basi twende pole pole.

Kwanza, chagua wakati na barabara. Nilimsaidia mwalimu mmoja wa hapa Unguja, anayekaa mjini na kusomesha skuli ya Makunduchi. Kila asubuhi alinipigia simu akifika: kioo kinanguruma, kichwa kinamuuma. Alikuwa anakiinua au kukilaza kidogo pale pale skuli, na jioni akirudi mjini hunipitia kwa furaha.

"Fundi, leo kimepona."

"Hebu tungoje kesho, mwalimu."

Kesho yake yale yale. Ilikuwa mwezi wa Julai, sherehe za Mwaka Kogwa zinakaribia, na kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika barabara. Makunduchi iko kusini mashariki ya mji, kwa hiyo asubuhi alikuwa anaukabili upepo uso kwa uso na jioni anasukumwa mgongoni. Piga hesabu: ukienda 60 ukikabili upepo wa 30, kioo kinapigwa na upepo wa 90. Ukirudi kwa mwendo ule ule, kinapigwa na wa 30. Na nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo asubuhi kioo kilikuwa kinasukumwa mara tisa ya jioni. Kila alichobadilisha pale skuli kilionekana kimefaulu, kwa sababu alikuwa anakijaribu akiwa na upepo mgongoni.

Kwa hiyo jaribu alfajiri kabla upepo haujaamka, na uende na kurudi kipande kile kile cha barabara kabla ya kusema neno lolote. Wanaokwenda Nungwi, kaskazini ya kisiwa, wakumbuke kuwa mwezi wa Januari mambo hugeuka: kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndiyo inayowakabili wakienda, na kurudi ndiko kwenye raha. Tafuta mahali peupe. Njia ya msitu wa Jozani haifai, miti inakinga upepo, na matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju hayakuachii kushika mwendo mmoja.

Pili, badilisha kitu kimoja tu kwa safari moja, na kabla ya kukigusa weka alama ya kalamu kilipokuwa. Ukishusha kioo na kukilaza kwa pamoja, ukisikia nafuu hutojua ni ipi iliyoleta.

Tatu, mtihani wa mwili. Hauhitaji spana. Ukiwa mwendo wa 60, njia nyeupe mbele na nyuma, fanya haya moja baada ya jingine:

Inuka kidogo kwenye vikanyagio, kichwa kipande kama kiganja kimoja. Mtikisiko ukikatika na ukabaki upepo ulionyooka, maana yake kichwa kimetoka juu ya machafuko. Kioo ni kirefu kwako, kishushe.

Jikunje, kidevu kisogee kwenye tanki. Kukiwa kimya, machafuko yanapita juu yako kidogo tu. Unaweza kuinua kioo, au kukisimamisha zaidi.

Sogea mbele bila ya kuinama, kifua karibu na usukani. Ukipata nafuu, kioo kiko mbali nawe na visulisuli vinapata nafasi ya kuporomoka kabla ya kukufikia. Kisogeze nyuma kama vishikio vinaruhusu.

Ukiinuka nafuu, ukijikunja nafuu, basi umekaa katikati ya mpaka, na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Sentimita tatu juu au chini zitabadilisha kila kitu. Mimi huanza na kushusha.

Kuna na mtihani wa mkono. Toa mkono wa kushoto, ule wa kulia unashika mafuta, uweke nyuma ya kioo kiganja kikitazama mbele, kisha upandishe taratibu. Kuna pahala utahisi vidole vinatetemeshwa, kisha juu yake upepo mkali ulionyooka. Pale vidole vinapotetemeka ndipo machafuko yalipo. Usifanye hivi kwenye skuta ambayo breki ya nyuma iko mkono wa kushoto.

Nne, urefu. Ukikaa wima, macho yapite juu ya ukingo wa kioo, na ukingo uwe usawa wa pua au kidevu. Usikubali kuitazama barabara kupitia kioo. Kikishika matone ya mvua na taa za gari zinazokuja, umekuwa kipofu mwenye leseni. Kwa pikipiki ndogo kama Boxer au TVS, ambazo hazipigi mwendo mkubwa, mimi hupendelea kioo kifupi kinachokata upepo kifuani na kuiacha helmeti ndani ya upepo safi. Uso unapigwa, kweli, lakini upepo haungurumi.

Tano, mlalo. Kioo kilichosimama huurusha upepo juu zaidi lakini huacha uwazi mkubwa nyuma yake. Kilicholala huupitisha kwa ulaini lakini huurusha chini zaidi. Anza na mlalo unaofanana na wa shina la shokapu za mbele, kisha cheza kidogo kidogo.

Sita, na hili ndilo wengi hawalifikirii: nafasi ya chini. Kioo kilichobana kwenye taa bila ya mwanya wowote ni ukuta. Upepo ukipita juu na pembeni, nyuma ya ukuta panabaki pahala ambapo mgandamizo wa hewa umepungua, na hewa ya kila upande hukimbilia kuja kupajaza. Mkimbio huo ndio unaokuvuta shati mbele na kukupiga kichwani kwa nyuma. Ukiacha hewa kidogo ipite chini ya kioo, ile sehemu inajazwa taratibu kutoka chini na vita vinapungua.

Namna ya kufanya: nunua bolti ndefu zaidi kwa sentimita mbili hivi, na kati ya kishikio na kioo tia vipande vya bomba la maji la plastiki la nusu inchi, vilivyokatwa kwa urefu sawa sawa. Anza na sentimita moja. Ukiona nafuu, ongeza. Wengine hukata vipande vya malapa ya zamani. Usifanye. Malapa hunywea ukikaza, upande mmoja zaidi ya mwingine, kioo kinakaa mshazari na kinaanza kutikisika baada ya wiki. Bomba halinywei. Kati ya bomba na kioo tia duara la tyubu ya tairi ili plastiki isisagane na plastiki, na hakikisha meno yote ya nati yameuma bolti. Usizidishe mwanya mpaka kioo kikawa kimening'inia, kila sentimita unayoongeza inaongeza mzigo kwenye yale matundu.

Kama kioo chako kimeshikwa juu ya taa, mwanya wa vidole vitatu kati ya taa na ukingo wa chini hufanya kazi ile ile bila ya kununua chochote.

Mwalimu wa Makunduchi alimalizikia kwenye kioo kilichokatwa mpaka usawa wa kidevu na mwanya wa sentimita moja na nusu. Kukata ni kwa msumeno wa meno madogo, karatasi ya tepu juu ya mstari, kisha msasa kwenye ukingo mpaka kidole kipite bila ya kukwaruzwa. Ukingo wenye makali hupiga mluzi.

Na abiria. Ukipakia mtu nyuma, mkia unashuka, pua inainuka, na kioo chote kinalala kwa nyuma. Kama kila siku unabeba mke au mtoto wa skuli, fanya majaribio yako naye akiwa nyuma.

Hatua ya 5: Helmeti na masikio

Helmeti pana huvuma bila ya kujali kioo. Ishike kidevuni uigeuze. Ngozi ya shavu isipofuatana nayo, ni kubwa. Upepo mwingi huingilia chini, kuzunguka shingo. Skafu nyepesi iliyochomekwa vizuri huziba hapo. Isining'inie.

Kisha vizibo vya masikio vya sponji, vile vinavyovingirishwa kwa vidole na kutanuka vikiwa ndani. Watu huvidharau, lakini kwenye mwendo wa 100 kelele ndani ya helmeti huvuka desibeli 90 hata kwa helmeti nzuri, wakati 85 kwa muda wa saa nane ndiyo mpaka unaowekewa wafanyakazi wa viwandani. Vinakata mvumo, na honi ya daladala utaisikia.

Hatua ya 6: Chumvi

Ukikaa pwani, kioo hushika chumvi kila siku. Usikipanguse kikavu, zile chembe ni msasa. Mimina maji ya bomba kwanza, acha dakika chache, kisha sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha pamba. Dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia, na petroli, huila polikaboneti ikafanya nyufa ndogo ndogo kama utando.

Ukiona usukani unayumba

Kioo kipana kilichofungwa kwenye usukani hushikwa na upepo wa ubavu kama tanga. Barabara ya pwani iliyo wazi wakati wa kusi itakuonesha. Usukani ukianza kutikisika kwenye mwendo, usiubane, shika kwa mikono laini na punguza mafuta taratibu, usikanyage breki kwa ghafla. Ukifika, angalia upepo wa tairi na beringi za usukani kwanza. Vikiwa vizima, kioo kimekuzidi: punguza upana wake kwa msumeno, au kivue mpaka Oktoba, kusi ikishatulia.