Somo: Jinsi ya kuifufua Ideos au Galaxy Y iliyolala kabatini

Wakuu, habari zenu. Somo hili ni la mwenye simu ya Android ya zamani iliyoachwa kwenye droo, hasa mbili ambazo nyumba nyingi za kwetu zilizifahamu: Huawei Ideos U8150 na Samsung Galaxy Y. Ideos ndiyo iliyouzwa na Safaricom kule Kenya mwaka 2011 kwa takriban Ksh 8,000, bei iliyomwezesha hata mwanafunzi kushika Android mkononi. Galaxy Y, ile yenye namba GT-S5360, ilitoka mwaka huohuo wa 2011.

Kwa macho ya leo ni simu ndogo sana. Ideos ina kioo cha inchi 2.8, RAM ya MB 256 na Android 2.2. Galaxy Y ina kioo cha inchi 3, Android 2.3, na nafasi ya ndani yapata MB 180 tu, ambayo leo programu moja inaweza kuimaliza. Lakini kwa watu wengi hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza maishani. Humo walifungua barua pepe ya kwanza, humo walitumia ramani mara ya kwanza. Mimi naona ni makosa kuitupa wakati bado ina kazi inazoziweza. Na naona ni makosa makubwa zaidi kuikabidhi siri zako, kwa sababu ilishaacha kupata masasisho ya usalama miaka mingi iliyopita. Tushike yote mawili tunapoendelea.

Menyu za simu hizi ni za Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye kioo.

Hatua ya 1: Betri kabla ya kitu kingine chochote

Usiichomeke kwenye chaji kwanza. Fungua kava la nyuma, toa betri, ilaze juu ya meza ya kioo au kigae kilichonyooka kisha uizungushe kwa kidole. Betri nzima hukwama mara moja. Ikizunguka kwa wepesi, tumbo limevimba. Betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, haibanwi ili irudi kuwa bapa. Iweke mbali na moto na watoto, kisha ipeleke kwa fundi wa simu au duka linalopokea betri chakavu. Wapo mafundi wanaotoboa ili kutoa gesi. Msikubali kabisa, betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto mkononi.

Kama haijavimba, futa vile vibati vya shaba kwa raba ya penseli, upande wa betri na upande wa simu. Kutu nyepesi hapo inatosha kuifanya simu ionekane imekufa. Kisha irudishe na uchaji kwa USB ya kompyuta, ambayo ina umeme mdogo. Betri iliyokaa miaka bila chaji hushuka volti mpaka saketi ya ulinzi iliyo ndani yake huikata, ndiyo maana simu haioneshi hata taa. Ipe nusu saa kwa utulivu, ukiwa karibu. Ikipata joto la kuchoma, chomoa.

Ikigoma, tafuta betri nyingine. Ya Ideos imeandikwa HB4J1H, ya Galaxy Y EB454357VU, zote mAh 1200. Betri ya dukani iliyoandikwa mAh 3000 kwa umbo lilelile, iache hapohapo: umeme kiasi hicho hauwezi kuingia kwenye kipande kidogo namna ile.

Hatua ya 2: Okoa kilichomo

Hapa nawaomba msiwe na haraka. Wengi wanakimbilia kufuta simu ili iwe nyepesi, halafu wanakumbuka kwamba ndani mlikuwa na meseji za mzazi aliyetangulia, au picha za mtoto akiwa na miezi mitatu. Simu hizi ni za kabla ya watu wengi kuzoea kuhifadhi vitu mtandaoni. Kilichomo humo mara nyingi hakipo popote pengine duniani.

Picha kwa kawaida ziko kwenye kadi ya memori, katika folda iitwayo DCIM. Toa kadi simu ikiwa imezimwa, iweke kwenye kisoma kadi, nakili folda yote.

Majina ya watu yanaweza kuwa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. Fungua Contacts, bonyeza kitufe cha menyu, chagua "Import/Export", kisha "Export to SD card". Simu itaandika faili la .vcf kwenye kadi, na faili hilo simu yoyote ya leo inalisoma. Fanya hivyo hata kama unaamini majina yote yapo kwenye laini.

Meseji ndizo ngumu. Zinakaa kwenye kumbukumbu ya ndani, na simu hizi hazikuja na njia ya kuzitoa kwenda kwenye kadi. Programu za kunakili meseji zilikuwepo, lakini kuziweka sasa ni shida kwa sababu nitakayoieleza. Njia ya uhakika ni ya mikono: chukua simu nyingine, piga picha kioo, meseji baada ya meseji, za wale unaowajali. Ni kazi ya jioni nzima, na ina thamani yake.

Kama umesahau mchoro wa kufungulia, zamani ukikosea mara nyingi simu ilikuruhusu kuingia kwa akaunti ya Google. Njia hiyo msiitegemee tena. Tangu tarehe 27 Septemba 2021 Google iliacha kukubali watu kuingia kwenye akaunti kupitia simu zenye Android 2.3.7 kushuka chini. Hata hivyo, kadi ya memori haifungwi na mchoro. Itoe, picha zako utazikuta.

Hatua ya 3: Futa, uanze upya

Toa kadi ya memori na laini kwanza. Kisha nenda Settings, "Privacy", "Factory data reset". Galaxy Y iliyofungwa kwa mchoro: izime, kisha shikilia kwa pamoja kitufe cha kuongeza sauti, cha Home na cha kuwashia, mpaka yatokee maandishi. Shuka kwa kitufe cha sauti hadi "wipe data/factory reset". Ikiwaka upya itakuomba akaunti. Ruka. Haitakubali, na hata ingekubali nisingekushauri.

Hatua ya 4: Laini na data

Simu hizi zinatumia laini kubwa ya zamani, ile iliyokatwa kutoka kadi yake bila kupunguzwa zaidi. Laini ya leo ni ndogo, kwa hiyo utahitaji adapta. Bandika kipande chembamba cha selotepu nyuma ya adapta ili laini isidondoke katikati na kunasa kwenye meno ya simu.

Mkishawasha, zimeni data mara moja kwenye "Wireless & networks", "Mobile networks". Mnakumbuka vocha zilivyokuwa zikiisha usiku bila kugusa simu? Android ilizoea kwenda mtandaoni yenyewe wakati sisi tulitoka kwenye simu ambazo hazifanyi kitu mpaka uziambie. Tabia hiyo bado inayo.

Hatua ya 5: Nafasi

Ukiona tangazo la nafasi kuisha, nenda "Applications", "Manage applications", fungua programu moja moja, futa "cache" (mafaili ya muda), na penye kitufe cha "Move to SD card" kibonyeze. Uwezo huo uliletwa na Android 2.2. Si kila programu inakubali kuhama, na inayohama huacha sehemu yake ndani.

Zile programu za kuua programu nyingine, ambazo kila mtu alikuwa nazo enzi hizo, msiziweke. Android inapanga RAM yake yenyewe. Ukiua programu, nyingi zinafufuka dakika ileile na kula chaji zaidi.

Hatua ya 6: Ipe kazi

Redio ya FM ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chomeka waya wa hedifoni, kwa kuwa waya huo ndio antena, kisha geuza sauti itoke spika ya nje. Hakuna bando, hakuna akaunti. Mzee anayefuata taarifa ya habari ya saa mbili usiku anatosheka kabisa.

Ya pili ni muziki, mawaidha au kwaya. Zinapokea kadi hadi GB 32. Kadi ya GB 64 huja na mpangilio wa exFAT ambao simu hizi hazisomi.

Ya tatu ni kugawa intaneti: "Tethering & portable hotspot". Ideos ilisifika kwa hilo, ikitangazwa kuhudumia hadi vifaa 8. Kasi ni ya 3G, si zaidi. Kabla ya kuwasha ingia kwenye mpangilio wake uchague WPA2, yaani ulinzi wa Wi-Fi, na uweke nywila, kwani ikiachwa wazi jirani atakumalizia bando.

Na miamala ya simu bado inafanya kazi, kwa kuwa M-Pesa ya Kenya ipo kwenye menyu ya laini, na ya Tanzania unapiga *150*00#. Hizo hazihitaji programu. Programu ya benki, hapana.

Tochi msiitafute. Kamera za simu zote mbili hazina taa.

Maswali ya wanachama

Mkuu, WhatsApp je? Mama yangu anaitaka kwenye Galaxy Y yake hiyohiyo.

Haiwezekani tena, ndugu yangu. WhatsApp iliacha kuhudumia Android 2.3.7 na zilizo chini yake tarehe 1 Februari 2020, na Android 2.2 ya Ideos iliachwa hata kabla ya hapo. Akitokea mtu anakuuzia faili la "WhatsApp maalumu ya simu za zamani", usimpe mama. Anayelitengeneza anaweza kusoma kila kitu. Mwachie Galaxy Y iwe redio, mtafutie simu nyingine ya kuzungumzia na wajukuu.

Kila tovuti nikifungua inasema cheti kina tatizo. Nimeweka bando, 3G inaonekana.

Angalia tarehe kwanza. Simu iliyokaa bila betri hurudi miaka ya nyuma, na vyeti vya tovuti hupimwa kwa tarehe. Ukirekebisha, chache zitafunguka. Zilizobaki zinadai usimbaji wa TLS 1.2, yaani njia mpya zaidi ya kulinda mawasiliano, na kivinjari cha Android 2.2 na 2.3 hakiujui. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza katika hatua ya 2, ya duka la programu na zile programu za kunakili meseji kuwa shida.

Kaka, fundi kaniambia anaweza kuiflashi Ideos yangu iwe Android 4. Anataka elfu ishirini.

Bakiza hela yako, dada. Ideos iliwahi kupata CyanogenMod 7, mfumo mbadala uliojengwa juu ya Android 2.3, na ilikwenda vizuri. Lakini RAM ya MB 256 ikibeba Android 4 utakuwa unagusa kioo na kusubiri. Kwa elfu ishirini nunua betri na kadi ya memori, chenji itabaki.

Nimeweka kengele ya saa 10 alfajiri, nikazima simu kuokoa chaji. Haikulia. Simu yangu ya batani ya zamani ilikuwa inajiwasha.

Ndivyo ilivyo. Android hizi zikizimwa, na kengele imezimwa. Usizime simu, weka "Airplane mode". Chaji haitashuka sana na utaamka.

Betri mpya, lakini asubuhi mpaka mchana imeisha. Naishi kijijini, mnara uko mbali.

Mnara ukiwa mbali simu inatafuta 3G muda wote, na hapo ndipo chaji inapokwenda. Ingia "Mobile networks", weka alama kwenye "Use only 2G networks". Simu na meseji zitapita kama kawaida. Ukitaka intaneti unaitoa alama, ukimaliza unairudisha. Punguza pia mwanga wa kioo.

Nipo Marekani, nimeikuta Ideos niliyokuja nayo. Hakuna mtandao unaoshika.

Mitandao mikubwa ya huko ilizima 3G mwaka 2022, na simu hii haijui 4G. Itumie kwa FM, muziki na kengele. Na kabla hujafanya lolote rudi hatua ya 2, maana kama ulikuja nayo kutoka nyumbani, meseji za nyumbani zimo.

Kadi ya memori imekataa kusomeka kwenye simu, inasema imeharibika na inataka kuiformati. Nikubali?

Usikubali. Itoe, isafishe, ijaribu kwenye kompyuta kwa kisoma kadi kingine. Mara nyingi kadi inayokataliwa na simu kompyuta inaisoma, au programu ya kurejesha mafaili inatoa picha humo. Nakili kwanza. Ukishaziona picha na umezifungua mbili tatu kuhakikisha ni nzima, hapo ndipo uiformati kwa FAT32 na kuirudisha.