Chapati za Krismasi: ongeza za wezi kwenye hesabu

Unga wa kilo 2 hutoa chapati 20 hadi 24. Si zote zinazofika mezani. Watoto "wanaonja chumvi", shemeji anapita jikoni kunywa maji kila dakika tano, kwa hiyo wageni wakiwa 20 kanda kilo 3.

Kila kilo 2 weka chumvi vijiko 3 vya chai, mafuta vijiko 4 vya chakula na maji vuguvugu lita 1 na robo hivi, ukiyamimina kidogo kidogo. Kanda mpaka donge liache kunata mikononi, lifunike nusu saa. Ukiruka hapo, kila ukisukuma chapati inajirudi, na anayesukuma anaanza kumlaumu aliyekanda. Hapo ndipo ugomvi wa ukoo unapoanzia.

Moto uwe wa wastani. Moto mdogo unaikausha chapati taratibu hadi inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Geuza kwanza pande zote mbili bila mafuta, kisha ndiyo upake. Unga unaobaki kikaangoni huungua na kuzitia weusi zinazofuata. Ufute kwa kitambaa kikavu.

Kwenye hotipoti tandika kitambaa chini na juu, la sivyo mvuke unadondoka na za chini zinagandana. Tatu za kwanza zikate vipande vinne vinne, ugawe rasmi.

Mjomba mwenye njaa mpe kazi ya kusukuma: mikono yenye unga huacha alama kwenye kifuniko cha hotipoti.