Somo: Kutoa kama familia, kuanzia bibi hadi mjukuu

Karibuni tena. Kabla ya hatua zenyewe, niseme kosa linaloua jambo hili mapema: mzee anaamua kila kitu peke yake, kisha anawaita vijana waje kupiga makofi na picha. Watakuja mara moja. Mara ya pili watakuwa na udhuru.

Hatua ya 1: Wazee wasimulie. Msitaje fedha kwanza. Kila mtu mzima aeleze siku aliyosaidiwa yeye, siyo siku aliyosaidia. Bibi akisema alilipiwa ada na mtu ambaye mpaka leo hamjui jina, mjukuu ataelewa kwa nini bibi hapiti kando ya mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mmoja arekodi kwa simu.

Hatua ya 2: Tengeni fungu la vijana. Hapa ndipo penye kazi. Fungu liwe dogo, sawa, ila uamuzi uwe wao kweli. Wakichagua mbwa waliotupwa wakati babu anataka zahanati, babu ameze mate. Anaruhusiwa maswali matatu tu: fedha zitafanya nini, nani atathibitisha, na mwakani tutajuaje kama zilifanya kazi?

Hata matajiri wamelazimika kufanya hivi. Ukoo wa Andrus wa Marekani una mfuko wa kutoa misaada tangu 1917, uitwao Surdna (soma jina lao kinyumenyume). Mwaka 2000 walifungua mfuko mwingine, Andrus Family Fund, ili wanaukoo vijana wapate mahali pa kuamua.

Hatua ya 3: Nendeni mkaone mlichosaidia, na watoto wadogo waende. Wa miaka sita anaweza kuhesabu madaftari.

Hatua ya 4: Andikeni ukurasa mmoja: nani anapiga kura, kuanzia umri gani, na mkigawanyika nani anaamua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, asante kwa somo. Sisi fedha hatuna. Tuanzie wapi?
Anzeni na muda wenu. Shangazi anajua kushona, kijana anajua kompyuta. Mkubaliane Jumamosi moja kwa mwezi. Hatua ni zilezile.

Binti yangu wa miaka 17 anasema kutoa ni maonyesho tu.
Huyo ndiye mkaguzi wenu! Mpe risiti, aulize wahusika walichopokea.

Vijana wakiupeleka mfuko nisikotaka, nikishafariki?
Inawezekana, na hata ukiwa hai. Henry Ford II, mjukuu wa yule Ford wa magari, alijiuzulu bodi ya Ford Foundation, mfuko wa misaada ulioanzishwa na familia yake, mwaka 1976 akilalamika kwamba mfuko umeusahau ubepari uliozalisha fedha zake. Kama kuna jambo moja usilotaka liguswe, liandike sasa kwenye ule ukurasa, na uandike sababu. Moja, mzee wangu, siyo kumi na mawili.

Wakwe wapige kura?
Kwetu wanapiga. Tulipowazuia, waume na wake zao nao waliacha kuja.