Somo: Kuotesha Kisambo kwa Mbegu

Kisambo ni jina la wenyeji ambalo wataalamu walilichukua kama lilivyo mwaka 1989, walipouandika mmea huu rasmi kuwa Encephalartos kisambo. Kwao ni vilima vya Maungu, karibu na Voi katika Kaunti ya Taita-Taveta, ambako ukungu hulowesha misitu ya kileleni huku nyika ya chini ikiwa imekauka. Asiyeujua hudhani ni mnazi mfupi, lakini hauna ujamaa wowote na minazi: ni sikadi, mmea usiotoa maua, unaozaa mbegu ndani ya koni, na kila mti ama ni wa kiume ama ni wa kike. Umo hatarini kutoweka, kwa kuwa makao yake ni madogo na watu wameung'oa ili kupamba bustani.

Somo hili ni la mwenye miti bustanini, au aliyepata mbegu kwa njia halali. Jenasi nzima ya Encephalartos imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na habari za kung'oa mti porini hamtazipata hapa.

Hatua ya kwanza ni kuchavusha. Porini kazi hii hufanywa na fukusi wanaoishi ndani ya koni, lakini bustanini mara nyingi hawapo, hivyo hatuna budi kuifanya wenyewe. Koni ya kiume inapoanza kumwaga unga wake, yaani chavua, ikung'ute juu ya karatasi, uchekeche unga huo, uuanike kivulini, kisha uuhifadhi katika chupa kavu ndani ya friji. Koni ya kike huwa tayari magamba yake yanapoachana kidogo, na hali hiyo haidumu. Puliza chavua kwenye nyufa hizo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, na urudie kila baada ya siku mbili hadi magamba yafumbe.

Hatua ya pili: koni ikishapasuka yenyewe, miezi kadhaa baadaye, vaa glavu, loweka mbegu siku mbili au tatu, kisha sugua nyama yote ya nje itoke. Tupa maganda hayo mbali na mbwa na mbuzi, kwa maana mbegu ina sumu. Zitie mbegu safi ndani ya ndoo ya maji. Zinazoelea kwa kawaida ni tupu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kungoja. Mbegu ya kisambo huanguka kabla kiinitete chake, yaani mche mchanga ulio ndani yake, hakijakomaa, hata kama kwa nje inaonekana imeiva kabisa. Mara ya kwanza nilisia mbegu 20 wiki ile ile ya kuzivuna, nikazifukia katika udongo mweusi na kuzimwagilia kila jioni. Nilipozifukua mwezi wa tatu, zilibonyea kidoleni kama parachichi lililovunda. Siku hizi naziweka katika boksi la mchanga wenye unyevu kidogo sana, mahali pa kivuli, kwa muda wa miezi 6 hivi, nikizikagua kila mwezi na kuondoa yoyote yenye ukungu.

Kisha sia katika mchanga wa mto uliooshwa, ukiilaza mbegu ubavu na kuacha nusu yake wazi. Joto la nyuzi 25 hadi 28 linaifaa. Mzizi ndio hutangulia: hutokea nchani, mweupe na mnene, na hujisukuma chini kwa nguvu kiasi cha kuinua mbegu, nawe huna haja ya kuifukia tena. Jani huchelewa wiki nyingi, nalo huja moja tu. Usiibandue mbegu, kwani mche bado unaitegemea kwa chakula.

Hamishia mche katika kiriba kirefu chenye mchanga, kokoto ndogo na mboji kidogo. Ukiona vijizizi vinavyoota kuelekea juu, vyenye vifundo kama matumbawe, usivikate ukidhani ni ugonjwa, maana ndani yake mnaishi sianobakteria wanaoupatia mmea naitrojeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbegu nilizookota chini ya mtapo wetu, sikadi ya hapa Pemba, zimeelea zote. Nizitupe?

Jibu: Marahaba. Usizitupe kwanza. Tazama kijijani, yaani kimoja cha vipande vyembamba vinavyounda jani: kikiwa na mshipa mmoja wa katikati, mti wako ni Cycas thouarsii, sikadi ya pwani na visiwa, ambayo mbegu zake zina tabaka jepesi linaloziwezesha kusafiri baharini. Kwa hizo kipimo cha maji hakisemi kitu. Pasua moja au mbili uone kama kiini kimejaa. Vijijani vya kisambo havina mshipa huo wa katikati.

Swali: Bibi yangu alisema wakati wa njaa walikula unga wa mtapo. Je, naweza kuujaribu?

Jibu: Nakusihi usijaribu. Ni kweli mbegu na shina la sikadi vimeliwa wakati wa njaa, baada ya kulowekwa na kubadilishiwa maji mara nyingi, lakini aliyekosea hatua moja aliugua. Mwaka 1901, wakati wa vita vya Makaburu, Jenerali Jan Smuts na askari wake walikula mbegu za jamaa ya mmea huu milimani Zuurberg, Afrika Kusini, naye akaponea chupuchupu. Hata jina Encephalartos limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkate uliomo kichwani, yaani wanga wa shinani.

Swali: Nina mti mmoja tu, wa kiume. Je, nitapata miche?

Jibu: Utapata kwa machipukizi ya shinani, ila yote yatakuwa ya kiume. Hali hiyo ndiyo iliyoikumba Encephalartos woodii ya Afrika Kusini: mwaka 1895 ulipatikana mti wa kiume peke yake, wa kike haujaonekana hadi leo, na yote iliyopo bustanini imetokana na huo. Chipukizi likifikia ukubwa wa ngumi, likate kwa kisu safi, acha kidonda kikauke kivulini wiki mbili, ndipo ulipande kwenye mchanga. Chavua yako nayo usiiache ipeperuke bure. Mwenye mti wa kike ataihitaji.