Kabla hujasawazisha rangi ya anga kwenye picha yako ya nyota

Umemaliza kurundika picha zako, yaani kuziunganisha nyingi za anga lilelile ziwe moja, kona moja imetoka ya chungwa, nyingine ya kijani, na mkono unawasha. Tulia kwanza.

Piga RAW, faili ghafi ya kamera; JPEG, iliyokwisha kubanwa na kupambwa, waachie wa harusi. Kata kingo chafu zilizobaki baada ya kurundika. Picha za ukuta mweupe, zinazoionyesha programu giza la lenzi yako, zipige kabla hujagusa fokasi wala kuzungusha kamera, maana giza la kona za lenzi huondolewa kwa kugawanya, mwanga wa mji kwa kutoa, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Rangi za nyota baadaye. Na kusawazisha anga kufanye picha ikiwa bado nyeusi tii, kabla hujaivuta ing'ae.

Sasa sampuli, yaani sehemu za anga tupu ambako programu inapima rangi ya kuondoa. Februari moja nilikesha Bagamoyo nikiiwinda Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi angani. Saa saba usiku inakuwa juu upande wa kusini, na huko ndiko iliko Dar es Salaam, kwa hiyo chini ya kila picha palikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nyumbani nikafungua Siril, programu ya kuchakata picha za nyota, nikaiachia ipange yenyewe vijisanduku vyake vya sampuli, nikaweka digrii 4 (digrii ikiwa kubwa, programu inafuata mikunjo mingi zaidi ya mwanga), nikabonyeza. Anga jeusi safi! Kwa furaha nikafuta faili za awali, diski ipumue.

Mwenzangu alipoiona akauliza, "Ule wekundu wa pembeni umeupeleka wapi?"

Nebula ile ni pana karibu kama miezi mipevu minne ikipangwa sambamba, na wekundu wake wa haidrojeni hufifia polepole hadi mbali. Vijisanduku vilikuwa vimekaa juu yake. Programu haijui taa za Dar wala haidrojeni, inatoa ulichoionyesha. Nikabaki na pete ya kijani-bluu kuizunguka nebula, na alama za mbu miguuni.

Kwa hiyo anza na digrii 1. Kila kijisanduku kilichogusa nebula kifute kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hata kama ni nusu yake. Kisha toa picha mpya kwenye ya zamani uone kilichoondoka: kikiwa mteremko laini, endelea, ukiona umbo la nebula, rudi mwanzo. Na faili za awali usifute, hata diski ilie.

Mengine ni ya kuwa macho tu. Mwezi, umande kwenye lenzi, gari linalogeuza na taa zimewaka. Mlinzi naye muombe mapema azime ile taa ya getini, na umwachie ya chai.